Skuta Tulizozifukia Tandale

Mpaka leo mtu akiiita skuta ya zamani chuma chakavu, damu inanichemka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wa kwanza kuziita hivyo nilikuwa mimi.

Miaka ile ya Ujamaa, kipuri cha skuta hukukipata dukani hata ungelia. Kufufua moja nilihitaji mbovu tatu: hii itoe kabureta, ile klachi, ya tatu bodi isiyoliwa na kutu. Uani kwangu Tandale palikuwa hapapitiki. Majirani waliona jalala, mimi niliona chakula cha wanangu. Na niseme kweli, nilizipenda. Nilikuwa nikianza kunyoosha digadi la gurudumu lililobonyea, nasahau hata kula.

Mojawapo ilikuwa ya mkunga wa zahanati, mama mtu mzima kutoka Masasi. Tangu injini yake ife, alikuwa akienda kuzalisha watu kwa miguu. Nilikuwa nimeshaiwasha, ikanguruma vizuri. Ilibaki rangi na tairi.

Ndipo ukaja msako wa walanguzi. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akaingia uani na daftari lake.

"Vipuri vyote hivi unamfichia nani?"

Niliogopa. Jirani yangu alikuwa ameshalala rumande kwa katoni moja ya sabuni. Nikajichekesha.

"Vipuri gani, mzee? Chuma chakavu tu hiki. Takataka."

Akaandika, akaondoka. Nikajiona mjanja kweli.

Jumamosi tukaitwa kazi ya kujitolea, kufukia korongo lililokata njia ya sokoni. Nilikwenda na koleo langu, nikachimba kifusi na wenzangu. Jua lilipokuwa kali, likaja trekta na trela la takataka za mtaa. Likamwaga skuta zangu zote korongoni. Mjumbe alikuwa amepita nyumbani nikiwa kazini, akamwonyesha mke wangu daftari: takataka, kwa kauli ya mwenyewe.

"Hiyo ya mkunga!" nilipiga kelele. "Hiyo inawaka!"

"Inawaka?" mjumbe akauliza kwa sauti, kila mtu asikie. "Kumbe ni vipuri?"

Majembe yakasimama. Watu niliokula nao pilau la Idi wakanitazama kama mwizi. Eti tunajenga taifa, kwa kumzikia mkunga usafiri wake!

"Hapana, mzee," nikasema. "Takataka."

"Basi fukia."

Nikafukia. Nilimchukia yule mzee, nikajichukia na mimi, huku koleo linakwenda.

Jumatatu asubuhi mkunga akaja, viatu vimejaa vumbi. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukuharakisha," akasema. "Nimepita tu kuwashukuru kwa ile njia mliyofukia. Leo miguu yangu imepata nafuu."