Niliamini Mshale wa Kompyuta ya Mtumba, Mjomba Akapoteza Mke

Kosa ni langu. Nalisema mapema kwa sababu najijua: nikishasema maneno mawili matatu nitaanza kujisifu nisahau nilichokuja kusema.

Jina langu msilitafute. Ni mtu wa Garissa. Shule niliiacha darasa la tatu, nikaanza biashara na mbuzi mmoja kilema, leo nina malori matatu na tumbo la kutosha. Nani angenifundisha kitu?

Injinia mmoja wa Nairobi alikuja kwetu na programu aliyoitengeneza ya kuongoza malori nyikani. Kuna kidude kinachosoma setilaiti, unakiunganisha na kompyuta, na kwenye kioo unaona mshale unaokuambia kata huku, kata kule. Alitaka mtu wa kuijaribu. Nani tena kama si mimi? Akaniambia ninunue kompyuta ya kukunja, ya mtumba lakini imara, na akaniandikia karatasi: iache iwake saa nzima kabla hujainunua, ijaribu juani, kisha zunguka nayo mjini kwanza, mahali unapojua njia.

Karatasi niliikunja vizuri nikaitia mfukoni. Ilikwenda Nairobi ikarudi bila kusumbuliwa na mtu.

Nilifika Nairobi mwezi wa baridi. Mimi ngamia namnunua kwa kumwona akitembea. Kompyuta haitembei, kwa hiyo nilimwangalia muuzaji. Ndevu nzuri, alama ya sijida kwenye paji la uso. Mezani kulikuwa na kompyuta tano. Nikachagua iliyo nzito kuliko zote, maana kitu imara ni kizito, huo ndio utaalamu wangu. Akaiwasha dakika tano, mimi nikiwa nimevaa koti.

"Haji, hii itakuzika," akasema.

Kuitwa haji pia kulinifurahisha. Makka sijafika.

Injinia akaitia programu yake, na niliporudi Garissa nilikuta ujumbe wa mama. Mvua ilikuwa imekosekana, yuko na mbuzi wake nyikani mbele ya Griftu, bwawa limekauka, nipeleke maji haraka. Kila mwaka anayenionyesha njia ya huko ni kaka yake mama. Sisi mjomba tunamwita abti, naye ananiita abti vilevile.

Nikaiweka kompyuta juu ya meza ya hoteli, wanaume wote waione.

"Abti, safari hii wewe ni mzigo tu. Mwenye kujua njia ni huyu."

"Huyu amezaliwa wapi?" akauliza.

Watu wakacheka. Maneno yakanichoma.

"Tatizo lako ni mdomo. Huwezi kukaa ndani ya lori kimya hata nusu saa."

"Naweza."

"Huwezi. Haya, apa."

Akasimama. "Nikitoa neno au ishara ya njia kabla hatujafika kwa dada yangu, mke wangu Habiba ni talaka tatu!"

Mwenye chai akaacha kumimina. Kwetu kiapo hicho hakirudishwi mdomoni. Na mimi, mtu mwenye busara zangu, nikaomba niongezewe sukari.

Mpaka Griftu mambo yalikuwa mazuri, kwa sababu barabara ilikuwa moja. Tulipoingia nyikani, kompyuta ikiwa mbele ya kioo cha lori na jua likiipiga, mshale ulilala kushoto kidogo. Nikakata kushoto kidogo. Saa nzima ikapita, mshale uko palepale. Nikafurahi. Nikasema hiki ni chombo chenye msimamo, si kama watu wetu wa bunge.

Alasiri tukakuta alama za magurudumu, na majivu ya moto, na majani ya chai.

"Unaona? Tuko njia ya watu," nikamwambia abti. "Hata chai wanakunywa kama yetu."

Abti akatazama mbinguni.

Kesho yake tulipita kwenye majivu yaleyale mara mbili. Ndipo nikamtambua yule mwenzetu wa chai: ni sisi wenyewe, tuliposimama jana mchana. Kompyuta ilikuwa imeganda kwa joto tangu jana, na mimi nilikuwa nikizunguka kama punda wa kisima. Kioo chake nacho kikageuka cheusi kama sufuria. Kwa nini sikumwomba abti msamaha, nirudi nyuma tutafute mtu mwingine wa kuuliza? Kiburi, jamani. Nikaipiga kofi kompyuta.

Siku ya tatu asubuhi abti akaswali, akakaa kitambo kirefu, kisha akaja upande wa mlango wangu.

"Hooyo, mama yako, hana maji," akasema. "Geuza lori. Jua likae bega lako la kulia mpaka uone mlima mdogo mwekundu."

Nikageuza. Baada ya mlima huo, mwendo wa kuchemsha chai tu, tukawa tumefika.

Mama alikuwa hai. Mbuzi waliobaki walikuwa wamelala. Akanywa, akamtazama kaka yake.

"Walaal, mbona mmechelewa? Wewe si unaijua njia?"

"Nilikuwa nimenyamaza," akasema abti.

Tulimwendea sheikh mmoja, tukamwendea wa pili. Wote walisema tatu ni tatu. Nyumba kwetu ni ya miti na mikeka, na ni ya mwanamke. Habiba aliibomoa mwenyewe, akakunja mikeka, akafunga miti juu ya ngamia aende kwa kaka zake Bute. Nikajitolea kumpeleka kwa lori.

"Lori lako?" akasema. "Nataka kufika."

Kompyuta nilimrudishia injinia. Baada ya wiki akanipigia simu: ameiwasha ofisini kwake siku nzima, haina tatizo lolote. Ni imara kabisa. Hongera kwangu.

Wewe unayetaka kununua mashine ya mtumba, ijaribu mahali pale itakapofanyia kazi, si pale inapouzwa. Ukipewa karatasi ukashindwa kuisoma, mwombe mtu akusomee, aibu yake inaisha siku hiyohiyo. Na anayeijua njia, mwache aongee mpaka achoke.

Abti sasa anaishi kwangu. Hajanilaumu hata siku moja, na ningependa anilaumu. Ila kila lori likiingia kutoka kaskazini, anaacha chai yake, anakwenda kumuuliza dereva kama alipitia Bute.