Mahali Njia ya Nkome Inapopinda

Siku niliyoshika fyekeo la serikali kwa mara ya kwanza, pale juu ya mwalo wa Nkome, ufuko ambako wavuvi huegesha mitumbwi, tulikuwepo hawa. Alikuwepo Bigambo, Mzinza, mnyapara wetu, ambaye mama yake na mama mkwe wangu walichota maji kisima kimoja mpaka wakazeeka. Alikuwepo Mwashi, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye aliyenipeleka kazini akinishika mkono, maana nilikuwa mjane mwenye watoto watatu na shamba lililochoka. Walikuwepo Masanja na Ndaki, ndugu wa baba mmoja, wasiosemezana kwa ajili ya ng'ombe wa mahari ya dada yao, lakini wakianza kufyeka wanakwenda bega kwa bega kama maksai wa plau. Na kando, akigeuza dagaa wake juani, alikuwepo Bi Mwanaidi binti Salumu, mzaliwa wa Ngokolo kule Shinyanga mjini, aliyefuata biashara ya samaki mpaka ziwani. Yeye hakuwa mfanyakazi wa njia. Yeye alileta maneno.

"Bigambo," alisema, "umeishiwa wanaume mpaka unaajiri wajane?"

"Wanaume wako wote wamekwenda kwenye mashimo ya dhahabu," Bigambo alimjibu. "Huyu angalau akichimba, kitu kinaonekana."

Mimi naitwa Minza, Mama Luhende. Shule niliishia darasa la pili, kisha nikaitwa nyumbani kuchunga. Haya nimeyaandika mwenyewe, polepole, kwa hiyo mtu asinikimbize.

Njia yenyewe nyinyi vijana mnaiona leo mnadhani ilijiotea. Inaanzia mwaloni Nkome, inafuata ukingo wa ziwa, inapanda kilima cha wafua chuma, ambako ukitembea peku mpaka leo utachomwa na mavi ya chuma, yale makapi meusi yaliyobaki tanuru za wazee zilipozimwa. Inapita kwenye magofu ya nyumba ya mawe ya Mjerumani, inaacha ziwa, inakwenda kuishia kwenye mashimo ya kale ya dhahabu upande wa Geita. Babu zetu waliipita wakiwa wapagazi, mizigo ya watu wengine vichwani. Miaka michache baada ya Uhuru, ofisi ya serikali ikasema njia ile itunzwe, wanafunzi na wageni waipite kwa miguu, waone mambo ya kale kwa macho yao. Bi Mwanaidi alicheka sana aliposikia. "Mtu ana viatu, ana nauli, halafu anatembea kwa kupenda?" Lakini walikuja. Walimu walikuja na wanafunzi wao, Wazungu walikuja na kofia zao, na kila siku ya gulio wauza dagaa walipita humo humo na matenga yao kichwani.

Watu hudhani kazi ya njia ni kufyeka nyasi. Nyasi ni mchezo. Adui wa njia ni maji, na adui wa pili ni ng'ombe. Kila mmoja wetu alipewa kipande, yaani sehemu yake ya njia, kutoka jiwe la chokaa mpaka jiwe la chokaa, na kipande kikiharibika hakuna wa kumsingizia. Njia lazima iwe na mgongo: katikati iinuke kidogo, ili mvua imwagikie pembeni, isitembee njiani kama mwenye njia. Kwenye mteremko unachimba mtaro wa mshazari, unaokata njia kwa upande na kuyatoa maji kabla hayajapata nguvu. Ukiuchimba mnyoofu mno, ng'ombe wanauvunja. Ukiulaza mno, unajaa mchanga. Mkono wenyewe ndio unaojifunza. Mimi ilinichukua masika mawili, na siku mtaro wangu wa kwanza ulipostahimili mvua ya usiku kucha, Bigambo aliutazama, akaupiga teke, haukubomoka. Akasema, "Basi." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Katikati ya kipande changu palikuwa na kona, na kwenye kona rundo la mawe lililonifika kifuani. Siku ile ile ya kwanza Bigambo alinisimamisha hapo.

"Weka chini fyekeo."

"Kuna nini, mnyapara?"

"Weka chini kwanza. Hapa hapapitwi na mzigo."

Akaniambia kama alivyoambiwa na mama yake. Chini ya mawe yale amelala mwanamke mpagazi. Alianguka na mzigo kichwani, akafa pale pale, na mkuu wa msafara akakataza watu kusimama kumzika. Basi kila mpagazi aliyepita aliangusha jiwe moja, bila kusimama, mpaka mkia wa msafara ulipokwisha akawa amefunikwa. Tangu hapo kila apitaye hutua mzigo wake chini, hata uwe jembe tu, huweka jiwe, na kusema: "Tua, mayu." Mayu kwa Kisukuma ni mama. Wale wa kwanza walinyimwa kusimama. Kwa hiyo sisi tunasimama.

"Jina lake nani?" niliuliza.

"Hilo halikufika kwetu," alisema Bigambo.

Nikaweka jiwe. Nilijisikia vibaya, kwa maana mimi majina huwa hayanipotei.

Nikafanya kazi hivyo miaka mingi, watoto wakakua, Luhende akaenda sekondari. Kisha akaletwa kwetu msimamizi mpya, ambaye kwa cheo tulimwita Bwana Njia. Jina lake Elinami. Sitamsingizia: alikuwa mchapakazi, aliyejua kushika sururu, na alikula ugali wetu bila kuuliza ulikuwaje. Lakini alipenda mstari ulionyooka kama mtu anavyopenda mke. Ikaja habari kwamba mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam atakuja kuitembea njia. Bwana Njia akapita na kamba na vigingi, na vigingi vyake vikapita katikati ya rundo.

Asubuhi yake alitukusanya. Tulikuwa mimi, Mwashi, Bigambo, na wale ndugu wawili.

"Kona hii inashika maji," alisema. "Tutaiondoa. Na mawe haya tutayatumia kujengea kivuko cha maji kule chini. Kazi mbili kwa siku moja."

Hakuna aliyesogea. Ndaki alimtazama Masanja, na hao walikuwa hawajatazamana tangu mahari ile.

"Shikamoo Bwana Njia," nilisema, ingawa tulikwisha kusalimiana. "Hapa pana mtu."

"Mtu gani?"

"Mpagazi. Mwanamke."

"Jina lake?"

"Halikufika kwetu," nilisema.

"Ukoo wake? Kijiji chake? Nani alimzika?" Hakuwa akipiga kelele, na hilo ndilo lililouma. "Mama Luhende, mimi nikikuta kaburi nalizunguka. Lakini kaburi lisilo na jina wala mwenyewe ni mawe tu."

"Na wewe ukifia safarini," nilisema, "tukuulize jina kwanza ndipo tukufunike?"

Mwashi akaguna. Bigambo akasema taratibu, "Mama Luhende, una watoto." Alinionya kwa wema, na alisema kweli. Nauli na madaftari ya Luhende yalitoka kwenye fyekeo lile.

"Nao wana mama," nilimjibu. Nikaweka fyekeo chini, nikakaa juu ya mawe. Mwashi akaja akakaa kando yangu, akatoa karanga kwenye upindo wa khanga yake, akaanza kutafuna.

Bwana Njia akaita watu wa kipande cha mbali. Sisi tukaondolewa. Mawe yakabebwa kwa toroli, njia ikanyooshwa, kivuko kikajengwa. Na kivuko kilikuwa kizuri, sikatai, kilistahimili mvua. Lakini kila nilipokitazama niliona watu wakimkanyaga.

Adhabu yangu ilikuwa uhamisho. Nilipelekwa Shinyanga, kwenye ua wa ofisi pale Ngokolo, nifagie majani ya mwarobaini. Mkuu wangu huko alikuwa karani mkuu, Bwana Hamisi, mzee mpole wa Kiislamu aliyeniambia siku ya kwanza, "Mama, hapa hakuna njia, kuna vumbi tu. Lipunguze." Baadaye wakanitoa hapo, nikapewa kufyeka vijia vya Kolandoto, ambako watu hupita kwenda kuona wagonjwa wao hospitalini. Nilivifyeka vizuri. Sikutaka mtu aseme Minza alihamishwa kwa uvivu. Lakini wanangu walikuwa Nkome kwa Mwashi, na mimi niliwaona sikukuu kwa sikukuu.

Aliyeniletea habari, nikiwa bado pale uani, ni Bi Mwanaidi, alipokuja Ngokolo kwenye msiba wa shangazi yake. Alinikuta nimeshika ufagio.

"Wewe mwanamke," alisema hata kabla ya salamu, "umetuachia kazi ngumu."

"Kazi gani tena, Bi Mwanaidi?"

"Ya mawe, nyingine ipi! Mimi mtu wa Ngokolo, mwili wangu huu, juu ya tenga la dagaa napandisha jiwe la ziwani mpaka kwenye kona yenu. Na Mwashi, na wake za wavuvi wote. Kila siku ya gulio. Yule bwana ametoa rundo, tumeweka. Ametoa tena, tumeweka tena. Shingo zetu zimekuwa fupi kwa ajili ya Msukuma mmoja mkaidi!"

"Na mgeni mkubwa alisema nini?"

"Mgeni gani? Gari lilikosa petroli huko huko njiani. Hakufika."

Nilicheka mpaka Bwana Hamisi akatoka nje kuona kuna nini. Kisha nikalia, lakini hilo halikumhusu.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kipande changu kilikosa mtu. Kila aliyepewa alikaa siku chache akarudisha fyekeo. Hakuna aliyetaka kuamka asubuhi na kuambiwa aondoe mawe ambayo mke wake ameyaweka jana. Mitaro ikajaa mchanga, masika yakaingia, maji yakapata nguvu, na njia kwenye mteremko ule ikawa korongo. Mwisho Bigambo alitumwa Kolandoto kunichukua. Alinikuta kijiani, akavua kofia.

"Mama Luhende, rudi. Bwana Njia amesema urudi kwenye kipande chako."

"Kipande changu kina kona," nilisema. "Kama bado kina kona, narudi. Kama kimenyooka, mwambie huku nako nyasi zinaota."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usiongeze 'tafadhali.'"

Alikwenda, akarudi baada ya siku kadhaa. Alitoa mfukoni kigingi cha Bwana Njia, kile cha pale katikati ya rundo, akanipa. Nikafunga virago.

Nilipofika, rundo lilinifika kiunoni. Halikuwa lile la zamani. La zamani lilikuwa la mawe mekundu yenye makali, mawe ya kilimani. Hili lilikuwa la mawe ya ziwani, meupe, laini, ya mviringo, yenye harufu ya dagaa. Tuliipinda njia upya, mimi na Mwashi na wale ndugu, na ile kona niliitolea maji kwa mitaro miwili ya mshazari. Masanja na Ndaki walisemezana siku hiyo. Ndaki alisema, "Sogea." Masanja akasogea.

Bwana Njia alikuja kukagua kabla hajahamishwa kwenda kwingine. Alikuwa amebeba vigingi vyake begani. Alifika kwenye rundo, mimi nikiwa nimesimama na fyekeo langu chini. Hakutua mzigo. Hakuweka jiwe. Alinitazama, akatazama njia, akaizunguka kona taratibu mpaka upande wa pili, akaendelea na safari yake. Nami sikumdai zaidi ya hapo.

Nilistaafu mwanzoni mwa miaka ile ambayo sabuni ilikuwa shida na sukari ikawa hadithi. Waliniaga mwaloni. Bigambo alikuwa amekwisha kufariki, na Ndaki pia. Mwashi alikuwepo, na Masanja, na Bi Mwanaidi, ambaye sasa alikaa kitini kwa sababu ya magoti na kuwasumbua watu akiwa amekaa. Bwana Mkaguzi, mkuu wetu wa mwisho, jina lake Tungaraza, alinipa blanketi na jembe jipya. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa amejitahidi kujifunza maneno ya kwetu. Akasema mbele ya watu wote, "Umebeba kazi hii miaka mingi. Sasa tua, mayu."

Mwashi akaziba mdomo kwa khanga.

"Ahsante kwa blanketi, Bwana Mkaguzi," nilisema. "Lakini neno hilo huambiwa yule aliye chini ya mawe. Mimi bado napita."

Na napita kweli. Siku hizi naambiwa kuna vijana wasomi wanaosema njia ile inafaa kupanuliwa, pikipiki zipite, na kwamba pale kwenye kona hapana kitu, ni mila tu. Sawa. Nimewahi kuyasikia hayo kutoka kwa mtu mwenye sauti nzuri kuliko yao. Nawaambia wajukuu wanaoshika fyekeo leo: tunzeni mgongo wa njia, zibueni mitaro kabla ya masika, na msikubali kuambiwa kwamba mtu asiye na jina hana mahali.

Majina niliyoyaandika hapa nayaamini. Hata hivyo nimezeeka, na huenda Ndaki ndiye aliyekuwa mkubwa kwa Masanja, au Bwana Hamisi nilimpa cheo kisicho chake. Wajukuu zao wapo. Waje wanisahihishe, nitawapikia. Jina moja tu ndilo sina. Anayelijua aniletee hata usiku, nitaamka. Lakini anayekuja kuniambia kwamba pale hapana mtu, asijisumbue kufika kwangu. Apite tu njiani. Akifika kwenye kona, naye atazunguka.