Kompyuta ya Marehemu Nurdini

Jirani yangu Naima si mtu wa mitambo. Hata pasi ya umeme anaiogopa. Lakini marehemu mume wake, Nurdini, Mrangi wa Busi, Kondoa, aliyekuwa akiuza vifaa vya umeme hapa Dodoma, alipenda waya kupita kiasi. Kompyuta aliiweka chumbani, gemu la watoto likakaa sebuleni chini ya runinga, na kwa ufundi anaoujua mwenyewe, video za kompyuta zikawa zinatokea kwenye gemu. Ukimuuliza zinapitaje, anakujibu, "Wewe angalia tu, usiguse." Wanaume hao! Anajua yeye peke yake, akifa anaondoka nayo.

Na kweli akafa, ghafla, kwa presha.

Naima akakaa eda. Mjane haruhusiwi kutokatoka ovyo miezi hiyo, kwa hiyo kila alasiri nilimkuta sebuleni, rimoti ya gemu mkononi, anaangalia video alizopiga mume wake: sikukuu ya Idi kule Busi, ng'ombe wa baba mkwe, watoto wanakimbizana. Nurdini mwenyewe humwoni, maana aliyeshika kamera ni yeye. Unamsikia tu anavyoongea na kucheka. Nilimtania Naima kwamba sasa anamsikiliza mume wake kuliko alipokuwa hai. Akacheka, nami nikashukuru.

"Yumo humu, Violeth," akaniambia, akilipapasa gemu. "Hili silitoi hata nilale njaa."

Eda ilipokwisha, ndugu wakaja kugawana vitu vya marehemu. Kompyuta akaiomba Bashiri, mdogo wake Nurdini, mwenye duka la kutoa kopi Kondoa mjini. Naima akaitoa kwa moyo mweupe. Ya nini kwake, na hata kuiwasha hajui?

Jioni yake gemu likawaka vizuri, ila video hazikuwemo. Tukazima, tukawasha, tukachomoa waya na kuupuliza vumbi. Siku chache baadaye tukamwita Fabian, fundi wa mtaani kwetu.

"Mama, gemu halikuwahi kuwa na kitu," akasema. "Lilikuwa linaletewa tu. Video ziko kwenye kompyuta."

Mbona tulishangilia! Kumbe Nurdini yuko Kondoa, salama, kwa mdogo wake. Naima akampigia Bashiri pale pale, akaweka spika na mimi nisikie.

"Shikamoo, shemeji," Bashiri akawahi.

"Marahaba. Sikia, ile kompyuta..."

"Inafanya kazi vizuri sana, Mungu akulipe. Na uwe na amani, shemeji. Siku ile ile niliifuta yote, ikabaki tupu kama ya dukani. Sikufungua hata picha moja. Mambo ya kaka na mke wake, mimi nani niyapekue?"

Naima aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Nilitaka kumnyang'anya simu niseme, akanizuia kwa mkono.

"Shemeji, upo? Ulitaka kuniambia nini?"

"Nilitaka kukusalimia tu," akasema. "Umefanya vizuri, Bashiri. Umetusitiri."

Alipokata simu alilia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Akanishika mkono, akaniapisha nisimwambie shemeji yake kamwe. Mimi nina hasira za karibu, nikatafuta mtu wa kumlaumu. Sikumpata. Nikakaa sakafuni, nikalia naye.