Ngozi Ambayo Haijawa Tayari

Nakumbuka siku moja, mwanangu Nekesa, nikiwa msichana mdogo, nikifanya kazi katika kiwanda cha peremende. Sufuria ya sukari inayochemka ilipinduka, ikanimwagikia mkono huu wa kulia. Unaujua, wewe ndiye hunifungia vifungo vya sweta.

Hospitalini walitaka kutoa ngozi pajani waipandikize mkononi. Niliogopa. Daktari mmoja kijana, mchangamfu sana, akanisimulia kwamba ng'ambo wameanza kukuza ngozi kwenye vyombo. Hakunidanganya. Alikuwa ameifurahia habari yake tu, na mimi nikasikia nilichotaka kusikia: nikakataa kupasuliwa, nikangoja. Kidonda kilipofunga kilivuta vidole vyote, vikajikunja. Muuguzi mmoja wa makamo aliushika mkono wangu akasema, "Binti, kidonda hakisomi magazeti. Nani alikwambia kitakungoja?"

Sasa sikia ya kwako. Jana Mama Wambui, jirani yetu hapa Kariobangi, alinikuta nikianika nguo. Unajua binti yake aliungua mkono kwa mafuta ya mandazi, na Alhamisi anapelekwa kupandikizwa ngozi.

"Mama Nekesa," akaniambia, uso umemchangamka, "hatuendi tena. Nekesa alinionyesha kwa simu vile wanatengeneza ngozi huko maabara ya chuo chao. Kwani mtoto achunwe mguu na mkono ndio uliungua? Si tungoje tu hiyo ya Nekesa?"

Niliketi kwenye ngazi, nguo mbichi bado mkononi.

Najua ulichomwonyesha, maana nami ulinionyesha. Seli hai ndani ya rojo. Mnazitetemesha kwa sauti ambayo sikio halisikii, zinajipanga zenyewe. Nyingine mnazivuta kwa sumaku. Kisha mnamulika mwanga, rojo inaganda, nazo zinabaki pale pale mlipozitaka. Ni kazi nzuri, mwanangu, nami najivunia hata kanisani. Lakini uliniambia kipande mlicho nacho hakifiki ukubwa wa ukucha, na hakuna mtu aliyewahi kuwekewa. Je, hilo ulimwambia Mama Wambui? Au ulipitiwa kwa furaha?

Nakusihi: mtu mwenye kidonda akikuuliza juu ya kazi yenu, anza na neno "bado." Mengine yote yafuate. Wewe unasimulia, yeye anasikia ahadi, na mwili wake hauna subira hiyo. Sikukatazi kufurahi. Nimechoka tu kuona furaha ya mwenye afya ikimgharimu mgonjwa.

Basi inuka sasa hivi, ubishe mlango wake umwambie. Atakukasirikia. Mvumilie.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na ampe Wambui vidole vinavyonyooka, aandike jina lake vizuri. Na siku ngozi yenu itakapokuwa tayari kweli, uje unipigie hodi. Mkono wangu utakuwa hapa, umeshazoea kungoja.