Kopo Lenye Masikio

Kopo la biskuti lilikaa mezani bila kifuniko, nyaya zikichungulia nje, na kamanda Léon hakutaka kulikaribia. Katungu alisimama upande wa pili wa meza. Nyuma ya ukuta wa mbao, mdogo wake, Josaphat, alikuwa amefungwa mikono. Jioni ile ile, askari walisema, angepelekwa porini kama jasusi.

Josaphat alikuwa fundi wa redio Butembo. Alikuwa amemuungia dada yake chombo alichokitamani tangu aliposomea fizikia: maikrofoni ya redio kaseti kuukuu iliyounganishwa na flashi ya kamera, ili mlio wowote uwashe taa papo hapo na picha ishike kile ambacho jicho haliwahi kukiona, kama tone la maji linapopasuka. Katungu aliacha ualimu mishahara ilipokatika, akafungua studio ya picha za ubatizo na harusi huko Beni. Yeye ndiye aliyeagiza kopo liletwe. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walimuuliza Josaphat amebeba nini, na hofu ikamjibia: redio. Katika vita ile, mwenye redio yenye nyaya alihesabiwa kuwa na watu wa kuzungumza nao upande wa pili.

Aliomba dirisha lifungwe ili awaonyeshe.

“Giza, hapana, madame,” kamanda alisema. Wakakubaliana lifungwe nusu.

Alitundika kwenye msumari mpira wa serum, ule wa kudondoshea dawa hospitalini, ukiwa na maji, akaweka chini yake kifuniko cha sufuria chenye maji kidogo, kisha akawasha. Flashi ikaanza kupiga filimbi nyembamba. Manassé, askari wa mlangoni, akauliza kama hiyo ndiyo sauti ya kuita ndege za adui. Katungu akaeleza kwamba flashi inakula betri tu. Hakuna aliyecheka.

Ndipo tone la kwanza la mvua likagonga bati. Taa ikawaka nyeupe. Manassé akakoki bunduki, na kwa mlio huo taa ikawaka tena, hafifu.

“Donc inasikia,” kamanda alisema polepole.

 Katungu angeweza kukana, lakini walikuwa wameona kwa macho yao.

“Inasikia, mon commandant. Lakini haiambie mutu. Inaambia taa tu.”

“Na taa inaambia nani?”

“Macho yako. Ngoja uone.”

Mvua ilikuwa bado haijachanganya. Alivua kitenge cha mabegani, akaifunga maikrofoni humo na kuibana chini ya kifuniko, isisikie kitu kingine ila tone. Kisha akalegeza mpira. Tone likaanguka, taa ikawaka, na juu ya maji likasimama taji dogo la kioo lenye vishanga pembeni. Likatoweka. Kamanda alikuwa ameinama bila kujua.

“Fanya tena.”

Alifanya tena. Kamanda akavua kofia.

“Tena, madame.”

Katungu akabana mpira kwa vidole. Huenda ulikuwa ujasiri. Huenda ulikuwa ukaidi tu wa mwalimu aliyezoea kusubiri darasa. Moyo ulimpiga hadi akaogopa maikrofoni itausikia.

“Mudogo wangu ndiye aliitengeneza,” alisema. “Hayayiona bado na macho yake. Mumulete aone na yeye.”

Flashi ilimaliza kupiga filimbi. Manassé alimtazama kamanda, na kamanda alitazama maji yaliyotulia kifunikoni.

“Mumulete.”

Josaphat aliingia, mdomo umevimba. Katungu akaachia tone. Kwa mwanga ule aliuona uso wa mdogo wake, si maji. Akamshika mkono wenye alama za kamba, akamwambia kamanda kwamba kopo linabaki, mpira unalegezwa hivi, na wao wanakwenda nyumbani. Kamanda alipunga mkono bila kuinua kichwa.

Walitoka kwenye mvua. Nyuma yao mlango ulijibamiza, na chini yake mwanga mweupe ukapita. Josaphat alishtuka, dada yake akamvuta, wakaendelea kutembea.