Jiwe Aliloling'oa Baba Mdogo

Baba alipofariki, baba mdogo hakusubiri hata udongo wa kaburi ukauke. Aliling'oa jiwe la zege la mpaka kati ya kiwanja chake na chetu hapa Makoko, akalisogeza upande wetu, kisha akapanda safu ya mkonge kufuata mpaka aliojitungia. Kaburi la baba, lililokuwa kiwanjani kwetu, likabaki kwake. Tangu hapo, mama akitaka kupalilia kaburi la mumewe, ilimbidi abishe hodi kwa shemeji yake na kungoja mlangoni na jembe mkononi. Siku nyingine aliambiwa arudi kesho. Nilikuwa darasa la sita, na nilimchukia yule mtu kwa moyo wangu wote.

Watu husema nilisomea upimaji wa ardhi kwa kuwa napenda hesabu. Wapi! Nilisomea kisasi. Chuoni nilijifunza jambo ambalo baba mdogo hakulijua: jiwe si mpaka, jiwe ni shahidi tu. Wapimaji wa zamani walipanda kilima baada ya kilima, wakapima pembe kutoka kilele hadi kilele, wakaifunga nchi kwa pembetatu. Viwanja vyetu navyo vilipimwa kutoka kwenye alama hizo. Ling'oe jiwe ukipenda. Vilima bado vinajua lilipokuwa. Siku niliyoelewa hilo nilicheka peke yangu darasani.

Mama alikataa katakata kumshtaki ndugu wa mumewe, basi nikanyamaza. Nilipata kazi Bunda. Likizo nilimwamkia baba mdogo shikamoo, nikala sato wake, nikamtazama akijenga jiko la matofali kando ya kaburi. Jenga, mzee, jenga.

Mwaka jana akapata mnunuzi aliyetaka kujenga gesti, naye akadai mipaka ihakikiwe kwanza. Baba mdogo mwenyewe akanipigia simu. "Mwanangu, nitafutie mpimaji mzuri." Nilimtafutia aliye mzuri kuliko wote ofisini. Mimi sikugusa chombo, nisije nikaambiwa nimependelea nyumbani.

Mwenzangu alishika kifaa chake cha setilaiti, akaupita mkonge, akalipita kaburi, akalipita jiko, akasimama hatua chache kutoka mlango wa baba mdogo. "Chimbeni hapa." Kikatokea kitako cha zege kilichovunjika, na nondo yake ikiwa bado imesimama.

"Lakini jiwe si lile pale?" baba mdogo akauliza.

"Lile limepandwa na mtu, mzee."

Mnunuzi aliwasha gari akaondoka. Nilikuwa na maneno niliyoyatunza tangu utotoni, makali kama pilipili, lakini baba mdogo hakunijia mimi. Alimwendea mama, ambaye tayari alikuwa ameinama anapalilia kaburi.

"Shemeji, sisi ni ndugu. Sasa jiko langu itakuwaje?"

Mama hakuinua uso. "Jiko liko tu, shemeji. Mkitaka kupika, muwe mnabishaga hodi. Siku zingine nitawaambia mrudi kesho."