Video ya Bibi Ndani ya Programu

Juzi nilikuwa kwenye duka la stationery, Kilwa Masoko, nasubiri kutoa kopi, redio ya duka ikipiga taarabu. Binti mmoja alikuwa akituma programu yake ya kamusi ya lugha ya Kimachinga kwa wanaosaili waombaji kazi huko Dar. Mwisho wa kupokea ulikuwa saa kumi. Ilikuwa nzito, ikakwama.

"Si ulishafuta ile video iliyokuwa ikiijaza?" mwenye duka aliuliza.

"Nimefuta, mama. Ila programu inatunza matoleo yake yote ya zamani, na video bado imo humo. Lazima niitoe humo pia."

"Itoe basi, saa tisa hii!"

Binti hakugusa kibodi. "Ni marehemu bibi anatamka maneno. Sina nakala nyingine."

Mwenye duka alichomoa flashi kwenye redio, akafuta taarabu zake zote, akampa ahifadhie video humo.

Programu ilikwenda kabla ya saa kumi. Tangu hapo duka likawa kimya, bila taarabu.